Mraba, mstari na rangi tupu: uchoraji huu ulitoka wapi, na unasema nini?

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya mraba mweusi wa Malevich, pamoja na zile za Mondrian zenye mistari myeusi na rangi tatu. Mmoja wao akasema kwamba bibi yake huko Pemba husuka mikeka yenye maumbo hayohayo, na hakuna anayemwita msanii. Vitabu nilivyo navyo vinasema uchoraji huu ulianza Ulaya karibu mwaka 1910. Je, ni kweli? Na je, maumbo haya yana maana, au ni mapambo tu yaliyopambiwa maneno makubwa?

Jibu:

Mwalimu, vitabu vyako havikukosea sana tarehe, ila vimeruka nusu ya habari, na mwanafunzi wako amegusa palepale paliporukwa. Maumbo yenyewe ni ya kale mno. Katika pango la Blombos, kwenye pwani ya kusini ya Afrika Kusini, vimepatikana vipande vya ngeu, yaani udongo mwekundu mgumu, vilivyochanjwa mistari inayokatizana kwa mpangilio takriban miaka 75,000 iliyopita, na humohumo kikapatikana kipande cha jiwe chenye mistari ya namna hiyo iliyochorwa kwa ngeu kama tunavyochora kwa chaki. Kwa hiyo hakuna mtu wa karne ya 20 anayeweza kuambiwa kwamba alizua mstari unaokata mstari. Kilichotokea Ulaya kati ya mwaka 1906 na 1917 ni jambo jingine: wachoraji wachache waliyachukua maumbo hayo, wakayaweka peke yake juu ya turubai, wakayatundika mahali palipozoeleka kutundikwa picha ya mtu, mti au mtakatifu, na wakadai kwamba hiyo ni picha kamili isiyopungukiwa na kitu. Upya ulikuwa katika dai hilo.

Nianze na mraba mweusi, kwa kuwa ndio unaowatatiza watu wengi. Kazimir Malevich, aliyezaliwa karibu na Kiev mwaka 1879 kwa wazazi Wapolandi, aliuonyesha kwa mara ya kwanza mjini Petrograd (leo St. Petersburg), Urusi, mwezi Desemba 1915, katika maonyesho yaliyopewa jina la tarakimu, 0,10. Alikuwa na picha 39, na nyingi alizitundika ukutani kwa namna ambayo mgeni angeitarajia. Mraba aliupandisha juu kabisa, kwenye pembe ambapo kuta mbili hukutana chini ya dari. Kila Mrusi aliyeingia aliijua pembe ile. Katika nyumba za Waorthodoksi ndipo inapowekwa ikoni, picha takatifu ya Kristo, ya Mariamu au ya mtakatifu, na mgeni aliyelelewa vizuri huigeukia kwanza kabla ya kumsalimia mwenyeji wake. Mhakiki Alexandre Benois aliuelewa ujumbe mara moja na akakasirika, akaandika kwamba hii ndiyo ikoni ambayo watu hawa wanataka kuiweka badala ya Mama wa Mungu. Malevich hakukanusha, alimjibu kwa kuuita mraba ule ikoni ya zama zake.

Sasa waambie wanafunzi wautazame kwa karibu, hata kama ni katika picha iliyochapishwa. Kila upande wa turubai una sentimita 79.5. Orodha ya maonyesho haikuuita mraba hata kidogo, iliuita pembenne, na ilisema kweli, kwa sababu pande za umbo lile jeusi hazikulingana barabara na kingo za turubai. Weupe unaolizunguka si karatasi tupu. Ni rangi nzito yenye nyayo za brashi. Weusi nao umejaa nyufa nyembamba kama tope lililokaukia juani, na ndani ya nyufa hizo rangi nyingine zinachungulia, kwa maana chini yake kuna kazi nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa Jumba la Tretyakov mjini Moscow, linaloihifadhi picha hiyo, walitangaza kwamba mionzi imewaonyesha picha mbili zilizofunikwa, moja juu ya nyingine. Mtu aliyefikiri kwamba kazi hii ilimchukua mchoraji dakika chache anapaswa kuanza upya hapo.

Watafiti haohao walitangaza jambo la pili, ambalo sioni sababu ya kuwaficha vijana. Pembeni mwa picha waliona maneno ya penseli ambayo wao wanayasoma kama rejea ya mzaha wa Kifaransa wa karne ya 19, mzaha uliochapishwa kama mstatili mweusi tupu na kuitwa pambano la watu weusi gizani. Ulikuwa mzaha wa kibaguzi, na wataalamu wengine wanakataa kwamba mwandiko huo ni wa Malevich. Ugomvi wa mwandiko sitauamua hapa. Ninachotaka uone ni kwamba mstatili mweusi ulikuwa umekwisha kuonekana Ulaya zaidi ya mara moja kabla ya 1915. Mwaka 1617 daktari Mwingereza Robert Fludd alichapisha mraba mweusi kuonyesha giza lililokuwapo kabla ya ulimwengu kuumbwa, na pande zake zote nne akaandika kwamba giza hilo linaendelea bila kikomo. Paris ya karne ya 19 ikaufanya kichekesho. Petrograd ikautundika mahali pa ikoni. Umbo ni lilelile, nalo limebeba mambo matatu yasiyofanana hata kidogo: la kwanza linaeleza asili ya dunia, la pili linamdhalilisha mtu, la tatu linatangaza kwamba enzi ya picha zinazoiga vitu imekwisha. Ukinibana unitajie jibu fupi la swali lako la pili, basi ni hili: umbo la kijiometri halina maana linayotembea nayo kila liendako, maana yake hutengenezwa na mahali lilipowekwa, kazi linayofanya, na watu wanaolitazama wanajua nini.

Kuhusu waliotangulia, inafaa kutenganisha wale ambao wachoraji wa Ulaya waliwaona kwa macho yao na kuchukua kitu kutoka kwao, na wale waliofanya jambo linalofanana bila uhusiano wowote. Mara nyingi makundi haya huchanganywa, na hapo ndipo mjadala wa nani wa kwanza unapogeuka kelele.

Kwa upande wa Malevich, waliomtangulia kwa karibu zaidi walikuwa na sindano mikononi. Mwezi Novemba 1915, wiki chache kabla ya maonyesho ya Petrograd, kulikuwa na maonyesho ya sanaa za mapambo mjini Moscow yaliyokusanya kazi za vikundi vya wanawake watarizi wa vijijini Ukraini, kikiwamo kikundi cha kijiji cha Verbovka. Wachoraji wa mjini waliwapelekea wanawake hao michoro, nao wakaitarizi. Miongoni mwa vilivyoonyeshwa kulikuwa na michoro ya Malevich ya skafu mbili na mto wa kulalia, yenye maumbo ya mtindo wake mpya. Maana yake ni kwamba umma ulikutana na mtindo huo kwanza kama nakshi ya kitambaa, na baadaye ndipo ukauona juu ya turubai. Malevich alikulia vijijini Ukraini, ambako wakulima walipaka kuta na majiko yao nakshi na kutarizi nguo zao, na yeye mwenyewe aliandika uzeeni jinsi sanaa ile ya wakulima ilivyomvutia akiwa mtoto.

Hakuwa peke yake. Sonia Delaunay, aliyezaliwa katika nchi hiyohiyo ya Ukraini na kuishi Paris, alimshonea mwanawe mchanga blanketi mwaka 1911 kwa kuunganisha viraka vya rangi mbalimbali, kama alivyowaona wanawake wa vijijini kwao wakifanya. Rafiki zake wachoraji walipoliona wakasema ni kazi ya kisasa kabisa. Leo blanketi hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa mjini Paris, na wanahistoria wanalihesabu miongoni mwa kazi za mwanzo za sanaa dhahania, yaani isiyoiga vitu, nchini Ufaransa. Tazama basi mpangilio wa matukio: kitambaa kilitangulia, turubai ikafuata.

Jambo hili lina sababu ya kiufundi, nayo inahusu mikeka moja kwa moja. Anayesuka au kufuma hawezi kuweka mstari popote anapotaka kama anayeshika brashi. Nyuzi zinakwenda huku na zinakwenda kule, zinapishana juu na chini, na kila pambo lazima litokane na mpishano huo. Chane za ukindu huchovywa rangi katika chungu kinachochemka, husukwa zikawa ukili mrefu, kisha ukili hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka unapanuka. Kwa kuwa chane hupita kwa mshazari, mistari ya upogoupogo na maumbo ya almasi hujitokeza kama watoto halali wa kazi hiyo, na msukaji huongoza hesabu ya chane ngapi zipite juu na ngapi zipite chini. Akikosea chane moja, kosa hujirudia urefu wote wa ukili. Msanifu majengo Mjerumani Gottfried Semper alishika hoja ya namna hii miaka ya 1860, akisema kwamba nakshi za kijiometri duniani zilizaliwa na ufumaji na usukaji. Mwaka 1893 mwanahistoria wa sanaa Alois Riegl wa Vienna akampinga, akisema binadamu hutaka umbo kwanza, ndipo hutafuta ufundi wa kulipata. Naona Semper ana haki zaidi akizungumzia chimbuko la maumbo, na Riegl ana haki zaidi akizungumzia uchaguzi wa fundi, maana hakuna hesabu ya ukili inayomlazimisha mtu aweke zambarau karibu na kijani.

Katika chuo cha sanaa na ufundi cha Bauhaus nchini Ujerumani, ambako wachoraji Wassily Kandinsky na Paul Klee walifundisha, wanafunzi wa kike walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji hata walipotaka uchoraji. Mmoja wao, Anni Albers, aliyeingia mwaka 1922, aligeuza kizuizi hicho kuwa taaluma. Alisomea kwa kina vitambaa vya kale vya Andes, na kitabu chake kikubwa juu ya ufumaji cha mwaka 1965 alikitabaruku kwa wafumaji wa kale wa Peru, akiwaita walimu wake wakuu. Mumewe Josef Albers alisafiri Mexico mara nyingi kuanzia mwaka 1935, akipiga picha majengo ya mawe ya Monte Albán na Mitla, na kuanzia mwaka 1950 hadi alipofariki mwaka 1976 alichora mfululizo wa picha zaidi ya elfu moja za mraba ndani ya mraba. Hapa hatuhitaji kubahatisha kuhusu waliotangulia, wenyewe walisema.

Mchoraji Mfaransa Henri Matisse naye alikusanya vitambaa vya Wakuba, yaani watu wa kabila la Kuba, kutoka Kasai, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na akavitundika ukutani mahali alipofanyia kazi. Vitambaa hivi ni vya nyuzi za majani ya mti wa mwale. Wanaume hufuma kitambaa cha msingi, wanawake hutarizi juu yake na kukata ncha za nyuzi mpaka sehemu nyingine zinakuwa laini kama mahameli. Ukikifuatilia kitambaa kimoja kwa kidole utaona kitu ambacho wachoraji wa Ulaya walihangaika kukipata: pambo huanza kwa utaratibu, hukwenda hatua kadhaa, kisha bila onyo hubadilika upana au mwelekeo, na bado kitambaa kizima kinasimama. Nakshi hizi zina majina, ila nakshi moja inaweza kuitwa hivi na huyu na vile na mwingine. Yapo masimulizi kwamba miaka ya 1920 wamisionari walileta pikipiki kwa mfalme wa Wakuba wakitumaini kumshangaza, lakini kilichowavutia watu wa ikulu ni alama za matairi mchangani, zikanakiliwa na kupewa jina kama nakshi nyingine. Ninayapenda masimulizi hayo kwa sababu yanaonyesha jicho lililozoea kuona mpangilio hata pale ambapo wengine wanaona mashine.

Piet Mondrian ni habari nyingine, kwa kuwa njia yake ilipita kwenye miti na bahari kuliko kwenye vitambaa. Alizaliwa Amersfoort, Uholanzi, mwaka 1872, akafunzwa uchoraji wa kawaida wa mashamba na mito. Kati ya mwaka 1908 na 1913 alirudiarudia mti: kwanza mti mwekundu unaotambulika, kisha mti wa kijivu ambao matawi yake yamekuwa matao yanayokatizana, mwisho matao matupu ambayo asiyejua historia yake hatadhani yalikuwa mti. Njiani alikutana na kazi za Picasso na Braque mjini Paris, waliokuwa wakiivunjavunja gitaa na chupa kuwa bapa na pembe. Wao waliishia hapo na kurudi, yeye akaendelea. Mwaka 1915 alichora gati na bahari kwa vistari vifupi vya wima na vya mlalo pekee. Kufikia mwaka 1921 alikuwa amebaki na mistari myeusi iliyonyooka, nyekundu, buluu, njano, nyeupe na kijivu.

Kwa nini wima na mlalo tu? Mondrian alijiunga na Chama cha Theosofia mwaka 1909. Mafundisho yale yalichanganya dini za Mashariki na Magharibi na kusema kwamba nyuma ya ulimwengu unaoonekana kuna mpangilio wa kiroho usioonekana. Yeye aliamini kwamba wima na mlalo ni nguvu mbili za msingi zinazopingana, ya kiume na ya kike, ya roho na ya maada, na kwamba kazi ya mchoraji ni kuzisawazisha bila kuzifanya zilingane. Chukua picha yake ya mwaka 1930 iliyoko Zürich, ndogo ya takriban sentimita 45 kwa 45. Mraba mkubwa mwekundu umeshika pembe ya juu kulia na ungeweza kuimeza picha yote, lakini kipande cha buluu chini kushoto na kijistatili cha njano chini kulia vinauzuia, na mistari myeusi haina unene mmoja. Ukiziba buluu kwa kidole gumba, picha inaelemea upande. Jaribio hili hulifanya kila darasa ninalofundisha, na huokoa maelezo mengi. Mwenzake Theo van Doesburg alipoanza kutumia mstari wa mshazari, urafiki wao ulivunjika, jambo linaloonyesha kwamba kwao pembe ya mstari ilikuwa itikadi.

Theosofia hiyohiyo ilimgusa Wassily Kandinsky, na kabla yake Hilma af Klint wa Sweden, aliyeanza mwaka 1906 mfululizo wa picha 193 zenye maduara, miviringo ya konokono na pembetatu, akiamini kwamba anaongozwa na roho. Aliagiza kazi hizo zisionyeshwe hadi miaka 20 ipite baada ya kifo chake. Alifariki mwaka 1944, na umma wa kimataifa ulianza kuziona mwaka 1986 tu. Kwa hiyo hata ile tarehe ya vitabuni ya karibu 1910 inamwacha mwanamke aliyetangulia. Mbali zaidi nyuma, Plato alikwisha kusema kwamba mistari iliyonyooka, duara na maumbo yanayofanywa kwa rula na pembemraba ni mazuri kwa nafsi yake, hayahitaji kufanana na kitu kingine ili yawe mazuri. Wachoraji wengi wa karne ya 20 walimtumia kama wakili wao.

Mkondo wa sanaa ya Kiislamu unastahili nafasi yake, hasa kwa wanafunzi wa pwani walioona nyota na maua yaliyochongwa kwenye milango na zidaka za Lamu. Watu wengi hueleza kwamba Waislamu walikimbilia jiometri kwa sababu picha za viumbe zilikatazwa. Maelezo hayo ni mafupi mno. Misikiti kweli haikuwekwa picha za viumbe, lakini vitabu na majumba ya watawala wa Uajemi na India yalijaa picha za watu na wanyama. Jiometri ilistawi pia kwa sababu palikuwa na wanahisabati walioongea na mafundi. Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 10, aliandika kitabu kizima juu ya jiometri wanayoihitaji mafundi. Kwa bikari na rula isiyo na vipimo, fundi hugawa duara katika sehemu tano, sita au nane, huunganisha nukta, hufuta mistari ya maandalizi, na nyota hubaki. Katika kaburi takatifu la Darb-i Imam mjini Isfahan, Iran, lililojengwa mwaka 1453, vigae vimepangwa kwa namna ambayo wanafizikia wawili walionyesha mwaka 2007 kwamba inakaribia mpangilio usiojirudia, ambao wanahisabati wa Magharibi waliufafanua miaka ya 1970.

Paul Klee alitembelea Tunisia mwezi Aprili 1914, akaenda hadi Kairouan, na akarudi na picha ambazo mji umekuwa miraba ya rangi. Hata hivyo tofauti kati ya ukuta wa Isfahan na turubai ya Mondrian ni kubwa, na haifai kuipunguza kwa adabu. Nakshi ya ukutani inaweza kuendelea milele. Ukingo wa ukuta unaikata tu mahali fulani, na kipande kimoja kinakuambia kanuni ya kilichobaki. Picha ya Mondrian haiwezi kuongezwa hata sentimita moja bila kuharibika, maana kila kitu kimepimwa dhidi ya kingo zake nne. Ya kwanza ni kanuni, ya pili ni tukio moja. Kuhusu maana ya kiroho, waandishi wengi wa leo husema nakshi zisizo na kituo zinaashiria umoja wa Mungu. Inawezekana kabisa kwamba waumini walizitazama hivyo, ila mafundi wenyewe wametuachia michoro mingi na maelezo haba sana, na mimi ningemwambia mwanafunzi aliseme jambo hilo kama tafsiri.

Ufundi wa nakshi za Rwanda uitwao imigongo unafaa sana kulinganishwa darasani. Asili yake ni Gisaka, mashariki ya nchi, na mapokeo yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kuipamba nyumba hivyo. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole kuwa matuta membamba juu ya ubao au ukuta, huachwa ikauke, hulainishwa, ndipo hupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Matuta yale hufanya mstari uwe na kivuli, kwa hiyo pambo hubadilika jua linaposogea. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wanawake wa Nyarubuye waliufufua ufundi huo kama kazi ya kuwapatia riziki, na mbao zake sasa hutundikwa hotelini na majumbani mbali na Rwanda. Kitu kilichokuwa ukuta wa ndani wa nyumba ya familia kimekuwa picha inayobebeka. Ni safari ileile ya mwaka 1915 ya kuhama kutoka kwenye kitu cha matumizi kwenda kwenye fremu, na haikumhitaji Malevich.

Safari ya kurudi nayo ipo. Mwaka 1965 mbunifu wa mitindo Yves Saint Laurent alishona magauni yenye mistari na rangi za Mondrian, na picha ikarejea kuwa kitambaa.

Je, basi ni mapambo tu? Neno hilo, mapambo, limetumika vibaya pande zote. Wachoraji waliogopa kuitwa wapambaji, ndiyo maana waliandika nadharia ndefu, nyingine hazisomeki. Wahakiki nao wakalitumia kuwaweka kando wasukaji, wafinyanzi na watarizi, ambao kazi zao zilipelekwa makumbusho ya makabila bila jina la aliyezifanya. Siungi mkono dawa ya haraka ya kusema kwamba msukaji wa Pemba ni Mondrian asiyetambuliwa. Mkeka ulikusudiwa kukaliwa, kuswaliwa na kulaziwa maiti, na thamani yake hupimwa kwa jinsi ukili ulivyokaza, rangi zilivyoshika na kingo zilivyonyooka. Kuutundika ukutani ili ustahili sifa ni kuuhukumu kwa sheria za kwingine. Mtu anayeusuka vizuri ni fundi mwenye maamuzi yake, na anastahili kuandikwa jina lake chini ya kazi yake kama mchoraji yeyote.

Walioogopa maumbo haya kwa kweli ni watawala. Utawala wa Hitler uliibana Bauhaus hadi ikafungwa mwaka 1933, na mwaka 1937 kazi za Kandinsky, Klee na Mondrian zikatundikwa Munich katika maonyesho ya kuzidhihaki. Katika Urusi ya Stalin, Malevich aliwekwa kizuizini mwaka 1930 na akarudi kuchora watu. Alipofariki mwaka 1935 wafuasi wake waliutundika mraba mweusi juu ya maiti yake, kisha picha hizo zikafichwa maghalani kwa miongo kadhaa. Picha isiyoonyesha kitu haiwezi kumsifu kiongozi wala mavuno, na hilo tupu lilitosha kuwa kosa.

Maana ya kisiasa ilijitokeza upya Afrika baada ya uhuru, na hapa ndipo ningependa mwanafunzi wako afike. Mchoraji Farid Belkahia aliongoza shule ya sanaa ya Casablanca, Moroko, kuanzia mwaka 1962, akifundisha pamoja na Mohamed Melehi na Mohamed Chabâa. Waliondoa sanamu za plasta za Kigiriki zilizoachwa na Wafaransa kama vielelezo vya kuchora, wakawaelekeza wanafunzi kwenye mazulia ya Waberberi, mapambo ya fedha, ngozi na dari zilizopakwa rangi za misikiti ya kusini mwa nchi. Picha zao zilikuwa za kijiometri kama za New York, ambako Melehi alikuwa ameishi, lakini walishikilia kwamba wanarudia urithi wa nyumbani. Mwaka 1969 walizitoa nje na kuzitundika hadharani katika uwanja wa Jemaa el-Fna, Marrakech, katikati ya wauza dawa, wasimulizi na wapita njia. Tafuta picha zilizopigwa uwanjani siku zile, uziweke mezani kando ya ile picha ya chumba cha Petrograd yenye mraba kwenye pembe ya dari, na uwaulize wanafunzi kila ukumbi ulimtaka mtazamaji ajue nini kabla ya kuingia.